Ukurasa na Folda Yake

Niseme mapema ili msinione mnafiki: haya nayaandika nikiwa na hasira. Pacha wangu aliniibia mama. Nikisema hivyo watu hucheka. "Aka! Mama yenu si ni mmoja? Mtu anaibaje mamake mwenyewe?" Basi kaeni niwaeleze alivyoibwa. Aliibwa kutoka ndani ya laptopu yangu, na aliyemwonyesha mwizi mahali pa kuingilia ni mimi.

Nina saiba ndogo huku Shirere, Kakamega, chini ya vyumba vya wanafunzi wa kupanga. Kompyuta ni chache, printa ni moja na ina kiburi, na mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati hatusikizani, tunaongea kwa mikono. Wengi wanaoingia hawaji kuchapisha, wanakuja kulia. "Anti, huu ukurasa wa mtandao nilihifadhi nyumbani ukiwa na picha, mbona hapa umekuja bila?" Nami nina swali langu lile lile: "Folda yake iko wapi?" Wananiangalia. "Folda gani?" Haiya.

Ukihifadhi ukurasa mzima wa mtandao, kompyuta hukupa vitu viwili. Kuna faili lenye maneno, na kando yake kuna folda yenye jina lile lile, ambamo picha zimewekwa. Mtu akiiona hiyo folda anafikiri ni takataka iliyojileta. Anaifuta, na ukurasa nao unaenda pamoja nayo, halafu anakuja kwangu ameshika kichwa. Au anabeba ukurasa peke yake kwenye flashi, folda inabaki nyumbani, na akifika hapa anakuta maneno na visanduku vitupu. Nimegombeza watu mpaka sauti ikakauka: "Hivi ni mapacha! Umewahi kuona mtu akimnunulia pacha mmoja viatu, mwingine akamwacha miguu mitupu?" Huku kwetu hata mwanafunzi mjeuri hapo ananyamaza, anaelewa. Pacha huwezi kumpa mmoja ukamnyima mwenzake. Hata kumchapa, unachapa wote wawili, hata kama kosa ni la mmoja.

Mimi ni pacha, ndiyo maana mfano huo haunitoki mdomoni. Nilizaliwa wa kwanza. Dadangu alinifuata, na kabla hatujajua kutembea alichukuliwa na shangazi yetu wa Mumias, dada ya baba, ambaye hakuwa na mtoto. Baba alikuwa amekufa, Mama alikuwa mgonjwa na maziwa hayatoshi wawili. Watu walisema mapacha hawatenganishwi, lakini watu wanaosema hawaleti maziwa. Mimi nikakua Shinyalu, kando ya msitu, kwenye mahindi na maharagwe. Yeye akakua kwenye miwa. Kila Krismasi Mama alinunua magauni mawili ya rangi moja. Moja nililivaa, lingine lilifungwa kwenye gazeti likapewa mtu anayeelekea Mumias. Sikuwahi kumwona Mama akikosa kununua la pili.

Kitu kimoja cha Mama mnapaswa kukijua. Alikuwa na pengo mbele. Alianguka kutoka kwenye mpera akiwa msichana. Kwa hiyo hakucheka mbele ya kamera. Ukitoa simu tu, mkono unaenda mdomoni. Picha yake ya kitambulisho inafanana na mtu anayesubiri kudungwa sindano. Nyumbani hatukuwa na hata picha moja ya Mama akicheka, na Mama alikuwa mtu wa kucheka, jamani. Alicheka mpaka kuku wakakimbia.

Baada ya sisi kuwa watu wazima, Mama aliingia kwenye kikundi cha akina mama waliokuwa wakiotesha miche ya miti ya asili ukingoni mwa msitu. Likizo moja akaja msichana wa chuo kujifunza kazi yao. Alikaa nao muda, akala nao obusuma, ugali wetu, akawatengenezea tovuti. Na sijui alifanya nini, lakini huyo msichana alimpiga Mama picha akicheka. Mama ameshika mche wa mwiba wa tembo, kichwa kimerudi nyuma, pengo liko wazi kama mlango, na mimi niko kando yake na ndoo ya kumwagilia. Na haikuwa moja, zilikuwa nyingi. Kila ukurasa wa tovuti ile ulikuwa na Mama anayecheka.

Kisha ikaja habari kwamba tovuti inafungwa, hakuna tena wa kuitunza. Nilifunga saiba, nikaketi, nikahifadhi ukurasa mmoja mmoja pamoja na folda yake. Nikafungua kila mmoja intaneti ikiwa imezimwa, kuhakikisha picha zimekuja. Zilikuja zote. Nikaweka nakala nyingine kwenye flashi. Kazi safi kabisa, mnisifu hata kidogo.

Mama alikuja mjini sokoni siku hizo, akapitia kwangu. Nikamwonyesha. Alifunika mdomo kwanza, akajitazama akicheka, kisha akanyooshea kioo kidole.

"Na hivi mbona viko viwili viwili?"

"Huu ni ukurasa, Mama. Na hii ni folda yake. Havitenganishwi. Ni mapacha hivi."

"Na ukivitenganisha?"

"Ukurasa unafunguka tu. Lakini unakuwa hauna sura."

Mama aliondoa kidole kwenye kioo. Kisha akasema mvua inakuja na sukuma zake ameziacha nje kwa mwenye duka jirani, akachukua leso yake akaondoka. Niliona wingu kweli lipo, nikamwamini.

Dadangu wakati huo alikuwa ameshahamia Kakamega. Shangazi alipokufa yeye alipata kazi kwenye ofisi moja hapa mjini, akapanga nyumba Shieywe, na sisi wawili tukaanza kujuana tukiwa wanawake wazima wenye mvi za kwanza. Nilimpenda upesi. Tulikuwa na kicheko kimoja. Tulipenda wote kula ngozi ya ingokho, kuku wa kwetu, na kumwachia mwingine nyama. Jumapili nilikuwa kwake au alikuwa kwangu, na nilipofungua ile laptopu kumwonyesha picha za Mama, tuliegemeana mabega kama watoto. Alitaka kujua kila kitu: folda ni nini, ukurasa unajuaje picha iko wapi, ukihamisha hiki kinatokea nini. Nilimfundisha kwa moyo mweupe. Nilikuwa nikijisemea, Mungu ameturudisha pamoja.

Mama akafa. Siku za msiba hazihitaji maneno yangu, kila mtu ana zake. Mwaka ulipokaribia kuisha tukapanga makumbusho yake, hema uani Shinyalu, maombi, chakula, na jambo moja langu. Nilitaka tutundike shuka jeupe ukutani, tukodi projekta, watu wote wamwone Mama akicheka. Wajukuu wa ukoo waliomjua akiwa kitandani tu wamwone na pengo lake. Hilo ndilo nililotaka. Sikutaka ng'ombe, sikutaka kwaya, nilitaka tu hicho kicheko ukutani.

Dadangu akasema, "Niletee laptopu niipange vizuri. Wewe una wateja, utachoka. Na ile flashi pia, isije ikapotea hapo kwako na hao wanafunzi." Nikampa vyote viwili. Tena nikamshukuru.

Alivirudisha mwenyewe, vimefungwa kwenye mfuko wa nguo, na mkate juu yake.

Wiki ya makumbusho nikafungua kufanya majaribio. Orodha ilikuwa sawasawa, kila ukurasa na folda yake, vimekaa kando kwa kando kama nilivyoviacha. Nikabonyeza wa kwanza. Maneno yakaja, kichwa cha habari kikaja. Mahali pa Mama palikuwa na kisanduku tu, hakuna sura.

Nikabonyeza wa pili, wa tatu. Ala! Nikafungua folda zenyewe. Zilikuwa na vikorokoro tu vinavyokuja na kila ukurasa, vitufe na mistari. Picha hazimo. Nikasema ni virusi. Mwanafunzi fulani ameniletea ugonjwa. Nikachukua ile flashi, nikaichomeka. Huko nako folda zipo, picha hazipo. Virusi havichagui hivyo, jamani. Aliyefanya hivi alifungua folda moja baada ya nyingine, akatoa Mama, akafunga mlango nyuma yake. Na alijua kwamba angeihamisha folda yenyewe, ukurasa ungeondoka nayo nami ningegundua mara moja. Nani alimfundisha? Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilijaribu programu za kufufua vilivyofutwa. Nilipata ncha ya jembe na nusu ya picha iliyogeuka kijivu. Nililia hapo dukani, wateja wakajifanya hawaoni.

Ni katika kulia huko ndipo nilipoanza kusoma visanduku. Mnajua, anayetengeneza ukurasa anaweza kuandika maneno mafupi nyuma ya picha. Picha ikiwepo huyaoni, labda utulize mshale juu yake yachungulie. Picha ikikosekana, yanakaa mahali pake. Miaka yote mimi niliangalia Mama, sikutuliza mshale popote. Sasa Mama hayupo na maneno yamebaki peke yake ndani ya kisanduku: "Mama akiwa na binti yake wa pekee." Ukurasa uliofuata: "Binti yake wa pekee humsaidia kumwagilia." Mwingine: "Ana mtoto mmoja, binti, ambaye ndiye nguvu zake."

Nilisoma, na hasira haikupungua. Ilikaa tu mahali pengine.

Nilimkuta dadangu kwake Shieywe ameketi mlangoni anachambua mrenda.

"Karibu, pacha."

"Usiniite pacha. Picha za Mama ziko wapi?"

Hakuinua macho. "Ninazo."

"Zote?"

"Zote."

"Na zilizokuwa kwenye flashi?"

"Na hizo. Kwani ulidhani zimeliwa na panya?"

Wee! Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa. Nilimwambia amelelewa kwa wizi wa miwa ya watu. Nilimwambia alininyonya ujuzi wangu kama kupe, kisha akanichoma nao. Aliendelea kutenga majani huku na mashina kule. Nilipoishiwa pumzi akauliza polepole:

"Umesoma kilichobaki?"

"Nimesoma."

"Haya. Mimi nilisoma siku ile ya kwanza, tumeegemeana pale, ukaenda kuchemsha chai. Mshale ulikuwa umelala kwenye uso wake. Yakatokea. Nikasoma yote kabla hujarudi na vikombe."

Miaka. Alikuwa ameyabeba miaka, Jumapili baada ya Jumapili, akinimegea ngozi ya kuku.

"Yule msichana alikosea," nikasema. "Alituona mimi na Mama tu. Akaandika alichokiona."

"Kila ukurasa? Hakuna aliyemwambia hata mara moja kwamba kuna mwingine?" Akakung'uta majani mapajani. "Nimechukua upande wangu. Wewe baki na maneno. Maneno ni yako, yanakusema wewe."

"Na mimi nimo kwenye hizo picha! Nimesimama kando yake na ndoo!"

"Huko kwangu haumo. Nilikukata."

Niliondoka bila kuaga. Njia nzima kurudi Shirere nilikuwa nikiongea peke yangu, bodaboda akanigeukia kuuliza kama ninamwambia yeye. Nilimkasirikia dadangu, hilo mnalijua. Lakini kufika kwangu nilikuta kwamba hasira nyingine imeshanitangulia, na hiyo ilikuwa ya Mama. Magauni mawili kila Krismasi, halafu mbele ya mgeni mtoto ni mmoja? Mimi alinigeuza ukuta wa kumficha mwenzangu, na hakuniuliza. Alinisimamisha pale na ndoo nicheke naye. Kama ningejua anasema nini, ningemwaga hayo maji chini nikaondoka.

Makumbusho yakafika. Shuka halikutundikwa. Nilipeleka ile picha ya kitambulisho ikakuzwa, ikawekwa kwenye fremu juu ya meza yenye maua ya plastiki, na Mama akatutazama siku nzima kama anayesubiri sindano. Mhubiri alisema alikuwa mwanamke wa tabasamu. Watoto waliangalia fremu, wakaangaliana.

Dadangu alikuja. Alifunga kanga kiunoni akaingia jikoni na akina mama wengine, hatukusemezana. Kibeti chake alikining'iniza kwapani hata alipokuwa akisonga obusuma, nami nilijua kilichomo.

Nyuma ya jikoni alikuwa ameketi rafiki ya Mama, yule aliyekuwa naye kwenye miche tangu kikundi kinaanza. Nilimletea chai, nikachuchumaa.

"Mama, yule msichana wa picha. Aliandika kwamba Mama alikuwa na mtoto mmoja. Aliyatoa wapi?"

Alipuliza chai yake. Nilikuwa nikiomba aseme msichana alikosea. Hilo tu, ningembusu miguu.

"Ni mama yenu alimwambia, mwanangu. Nilikuwa hapo, tunajaza udongo kwenye mifuko. Msichana akauliza, una watoto wangapi? Akasema mmoja. Mimi nikageuka nikamwangalia. Baadaye nikamwuliza, mbona unamkana mtoto? Akaniambia, 'Nikisema wawili, ataniuliza mwingine yuko wapi.'" Akanywa kidogo. "Alikuwa anaogopanga sana hilo swali. Hata kanisani kwa wageni, alikuwa anasema mmoja. Halafu anaenda nyuma ya nyumba."

"Kufanya nini?"

"Wewe unauliza nini na wewe ni mwanamke? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Nilibaki nimechuchumaa, nikikumbuka alivyoiondokea laptopu yangu siku ile. Sukuma zake kwa mwenye duka. Mvua inakuja.

Nikaona hii ndiyo dawa. Nilidhani nikimpelekea dadangu maneno haya yatafanya kazi ambayo ugomvi umeshindwa. Atalia, nitalia, atafungua kibeti, tutatafuta shuka hata kama ni jioni. Nilimkuta kwenye karai akiosha vikombe. Nikamweleza yote vile vile kama nilivyoambiwa, sikuongeza, sikupunguza. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya povu. Nilipofika kwenye "ataniuliza mwingine yuko wapi" nikainama nimwone uso.

Alisuuza kikombe, akakipindua kwenye sinia. Akasuuza kingine.

"Si angejibu tu?" akasema. "'Yuko Mumias.' Ni maneno mawili."

Alifuta mikono kwenye kanga, akabeba sinia, akaenda kuwapa wageni chai.

Picha hajarudisha. Sijamwomba tena.